Nipokeeni

Siku ya Jumamosi, tarehe 16 Oktoba mwaka wa 1954, Mwinga wa Msambweni alifika Kwale kabla jua halijapanda sana, akiwa na wanaume kumi na mmoja nyuma yake na mtaimbo mmoja wa kuinulia uzito, uliofungwa kwa magunia pamoja na vyuma vyake. Lori liliwashusha chini ya kilima, wakaupandisha mtaimbo kwa mabega, wanne mbele na wanne nyuma, wakipokezana kila baada ya hatua mia. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mihogo kando ya njia aliwaitikia salamu, akautazama ule mzigo mrefu, akauliza kwa adabu wanakwenda kumzika nani. Rai, mmoja wa wabebaji, ambaye hakuacha neno lipite bila jibu, alimwambia kwamba maiti bado yu hai, ndiye yule anayetembea mikono mitupu mbele yao. Alimwonyesha Shutu.

Shutu alitembea mikono mitupu kwa amri ya Mwinga. Siku hiyo alikuwa na kazi moja tu, ya kuinua ratili mia sita mbele ya waamuzi watatu, na watu wote kumi na mmoja waliobaki walikuja kwa ajili ya kazi hiyo.

Mtaimbo haukuwa mali yao. Kabla yake walikuwa na ekseli ya gari la kibandawazi lililokufa zamani, yenye gurudumu la chuma kila upande. Ekseli ile ilikuwa na uzito wa ratili mia na arobaini, haikuongezeka wala haikupungua. Mwenye nguvu aliichoka baada ya wiki tatu, na asiye na nguvu aliitazama tu, au aliijaribu akaumia. Kisha mwezi wa Aprili alifika Msambweni bwana mmoja kutoka Mombasa, jina lake Waziri, aliyekuja kumtazama shangazi yake. Waziri alikuwa katibu wa chama cha wainua vyuma huko Mombasa. Alipita mbele ya ghala la nazi kavu, yaani mbata, la Bwana Abdurahman wakati mahamali wamemaliza kazi, akawaona wakipokezana ile ekseli kwa zamu. Alisimama nusu saa akiwatazama. Wiki mbili baadaye alileta mtaimbo wa kweli, uliotiwa mikwaruzo vizuri mahali pa kushikia, pamoja na sahani zake za chuma, kubwa na ndogo, za kutia na kutoa, hata kila mtu akapata uzito wake.

Aliwaazima kwa miezi sita. Sharti lake lilikuwa wazi. Mwezi wa Oktoba chama chake kingekuja Kwale na jukwaa la mbao na waamuzi. Iwapo mtu mmoja wa Msambweni angefikisha jumla ya ratili mia sita katika miinuo mitatu, mtaimbo ungebaki Msambweni daima na wao wangeandikwa kuwa tawi la chama. Asipofikisha, mtaimbo ungekwenda Malindi, ambako kikundi kingine kilikuwa kikiungoja.

Mwinga aliutaka mtaimbo ule ubaki kuliko alivyotaka jambo lolote lingine mwaka huo, na hakumficha mtu. Mkewe, Jumwa, alimwambia waziwazi kwamba hamwelewi.

"Baba Dama," alisema, "mimi nabeba mtungi wa maji kutoka kisimani, na maji yanapikiwa. Nyinyi mnabeba chuma, mnakipandisha juu, mnakirudisha palepale kilipokuwa. Nani amekula?"

Mwinga alivaa kofia yake akaenda zake kazini. Alikuwa serahangi, yaani kiongozi wa mahamali, katika ghala lile, na alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Mgongo wake uliumia mwaka wa 1947, naye alijua hasa ulivyoumia.

Katika ghala la Bwana Abdurahman palikuwa na desturi iliyomtangulia Mwinga mwenyewe. Hamali hakutua gunia peke yake. Akifika mahali pa kutulia, husema, "Nipokeeni," na wawili walio karibu hujibu, "Tumepokea," huku mikono yao tayari imo chini ya gunia. Gunia la mbata likitupwa hupasuka, na mgongo wa mwenye kulitupa hushtuka. Tena kutupa mzigo mbele ya watu ni aibu. Mtu huweza kuitwa mtupa mzigo hata kwa wakwe zake. Siku ile ya mwaka wa 1947, Mwinga alibeba magunia mawili kwa pamoja kwa sababu ya ubishi. Alifika, akasema, "Nipokeeni." Wenzake walidhani bado anaringa, wakacheka. Alisema mara ya pili, wakacheka zaidi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Alilala kitandani miezi miwili, na aliporudi kazini na kufanywa serahangi, amri yake ya kwanza ilikuwa kwamba neno lile lisichekewe tena. Asiyeliitikia alifagia ghala zima.

Basi mtaimbo ulipokuja, uliingia katika desturi hiyo bila mtu kuamua. Sakafu ya ghala ilikuwa ya chokaa, na Bwana Abdurahman aliwaruhusu kufanya mazoezi humo ikiwa sakafu haitavunjwa. Kwa hiyo kila aliyeinua mtaimbo alisimama nao juu, mikono imenyooka, akasema, "Nipokeeni," na wawili wakaupokea, huyu upande huu na yule upande ule. Kwa miezi sita Shutu aliinua mtaimbo mara elfu kadhaa, wala hakuushusha peke yake hata mara moja.

Waziri alikuwa amewaachia karatasi ya kanuni. Mwinga alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, akaisoma kanuni moja kwa siku, kidole chini ya kila neno, kisha akawaeleza wengine. Kanuni ya tisa ilisema kwamba mtu mwingine asikiguse chuma kabla mwamuzi mkuu hajatamka, "Shusha." Mwinga aliisoma vizuri. Aliona kuwa ni kanuni ya haki, ya kuwazuia wapinzani wasiharibu kazi ya mtu. Hakuona kwamba inawahusu wao, kwa maana kugusa ni kugusa na kupokea ni kupokea.

Kwale palikuwa na watu wengi kuliko walivyotazamia. Jukwaa lilitandikwa kwenye uwanja wa wazi, na watu walizunguka pande tatu. Shutu alipimwa uzito wake, akaonekana ana ratili mia na sitini na tatu, akaruhusiwa. Alikuwa kijana wa Kikoneni, mwenye umri wa miaka ishirini na minne, mpole wa maneno, na mwenye kiburi kidogo ambacho hakikumdhuru mtu. Kila kundi lilitakiwa kutoa mtu mmoja wa kubadilisha sahani za mtu wake. Msambweni wakamtoa Rai.

Mwinuo wa kwanza ulikuwa wa kusukuma: kuufikisha mtaimbo mabegani, kutulia, kisha kuusukuma juu kwa mikono pasipo kupinda magoti. Mwinga aliomba ratili mia na sabini na tano. Shutu aliusukuma kana kwamba ni mwiko wa kupakulia. Mikono iliponyooka, alisema, kwa sauti ya ghalani, "Nipokeeni." Rai alikuwa ameketi pembeni mwa jukwaa. Aliruka akashika ncha ya kulia, akajibu, "Tumepokea," kisha akatazama upande wa kushoto akishangaa kwa nini hakuna mwenziwe.

Waziri, ambaye ndiye aliyekuwa mwamuzi mkuu, alipunga mkono kuonyesha kwamba mwinuo umebatilika. Watu hawakuelewa, wakanung'unika. Mwinga alimwendea kwa heshima akamuuliza kosa ni lipi.

"Chuma kimeguswa kabla sijasema, Bwana Mwinga. Kanuni ya tisa."

"Hakukigusa, bwana. Alikipokea."

Waliokuwa karibu walicheka. Waziri hakucheka. Alieleza polepole kwamba mwamuzi hana jicho la kutofautisha mambo hayo mawili. Mkono ukifika kwenye chuma, umefika. Mwinga alisimama akiyafikiri maneno yale, akayakubali, akarudi.

Alimtoa Rai jukwaani na kumweka mtu wa Mombasa mahali pake, akamwambia Rai asimame mbali, nyuma ya wauza madafu, na aweke mikono nyuma. Kisha alimshika Shutu bega akamwambia mambo mawili. La kwanza, ataushusha mwenyewe, taratibu, hadi kifuani, kisha mapajani, kisha chini. La pili, asilitamke lile neno.

"Nitanyamaza, Serahangi," Shutu alisema. "Lakini nikinyamaza, nitajuaje kama nimemaliza?"

"Waziri atakwambia."

Mara ya pili Shutu aliusukuma ule ule uzito, akauma mdomo wa chini, akangoja. Waziri alisema, "Shusha." Shutu alikawia kidogo, macho yakizunguka kama ya mtu aliyeingia nyumba ya watu bila kupiga hodi, kisha akaushusha mwenyewe, vibaya lakini salama. Ulikubaliwa. Mara ya tatu alisukuma ratili mia na themanini, nao ukakubaliwa.

Mwinuo wa pili ulikuwa wa kunyakua, ambapo mtaimbo hutoka chini na kufika juu kwa mwendo mmoja. Huo Shutu aliupenda, kwa kuwa hauna kungoja. Alinyakua ratili mia na sabini na tano katika nafasi yake ya pili. Mwinga alihesabu vidoleni, akahesabu tena. Zilikuwa mia tatu na hamsini na tano. Zilibaki mia mbili na arobaini na tano.

Mwinuo wa mwisho ni wa sehemu mbili: kuupandisha mtaimbo kifuani, kisha kuurusha juu kwa nguvu za miguu. Shutu alianza na ratili mia mbili na thelathini, akapata. Nafasi ya pili, Mwinga aliomba mia mbili na arobaini na tano. Shutu aliupandisha hadi tumboni, ukarudi chini. Haikuwa aibu, wala hakuumia. Ilibaki nafasi moja.

Huko nyuma ya wauza madafu Rai aligeuka akatazama upande mwingine. Mwinga alisimama kando ya jukwaa, mahali walimu waliporuhusiwa kusimama, hatua mbili kutoka kwa Shutu. Shutu alijifuta viganja kwenye kikoi chake, akainama, akaupandisha. Safari hii ulifika kifuani ukatulia. Alivuta pumzi mara mbili. Akapinda magoti kidogo, akaurusha, mguu mmoja ukaenda mbele na mwingine nyuma, na mikono yote miwili ikanyooka chini ya ratili mia mbili na arobaini na tano.

Kilichobaki ni kurudisha miguu katika mstari mmoja na kutulia hadi mwamuzi atamke. Shutu aliuvuta mguu wa mbele. Akauvuta wa nyuma. Waziri alimtazama miguu, kwa sababu wa nyuma ulikuwa bado unatafuta mahali pake.

Hapo Mwinga aliona kiwiko cha kushoto cha Shutu kikicheza, au alidhani amekiona. Wakati huohuo alisikia neno. Halikusemwa kwa sauti kubwa. Huenda waliokuwa safu ya tatu hawakulisikia.

"Nipokeeni."

Mwinga alipanda jukwaani. Alipita nyuma ya Shutu, akaushika mtaimbo katikati, mikono yake baina ya mikono ya Shutu, akajibu, "Tumepokea," ingawa alikuwa peke yake. Waliushusha wawili, hadi mbao zilipoupokea bila kelele. Kisha Mwinga alitaka kunyooka, akashindwa, akabaki ameinama akishika magoti.

Waziri alipunga mkono, kama kanuni ilivyomtaka. Baadaye alimwambia Mwinga, bila kulaumu, kwamba yeye Waziri alikuwa amekwisha kufungua kinywa kutamka neno la kushusha. Miguu ilikuwa imefika. Lingechukua muda wa mtu kupepesa jicho.

Shutu alishuka jukwaani akamngoja Mwinga afike. Hakupaza sauti, alikuwa amelelewa vizuri.

"Serahangi, umenifanya nini?"

"Ulisema."

"Nilisema kama mtu asemavyo bismillahi akianza kula. Kuna anayekuja kumlisha?"

"Mkono wako wa kushoto ulilegea."

"Haukulegea. Ningesimama nao pale hadi adhana ya alasiri."

Waliomzunguka waligawanyika. Mmoja aliapa kwamba ameuona mkono ukishuka kwa upana wa kidole. Mwingine aliapa kwamba ulikuwa imara kama nguzo. Rai, aliyekuja mbio kutoka kwa wauza madafu, alitakiwa atoe ushahidi, kwa kuwa macho yake yalisifiwa. Alikiri kwamba aligeuza uso na hakuona lolote, akatukanwa na pande zote mbili.

Mwinga alisubiri wamalize. Alikuwa bado hajanyooka vizuri, na ilimbidi amtazame Shutu kutoka chini.

"Shutu," alisema, "mtu akiniambia nimpokee, sina mizani ya kupimia kama asema kweli. Nikianza kupima, nitachelewa."

Shutu alitikisa kichwa, si kwa kukubali. Alichukua shati lake akaondoka peke yake kwa miguu kuelekea barabara kuu, na hakurudi nao kwenye lori.

Mtaimbo haukurudi nao pia. Walizitoa sahani moja baada ya moja, wakazipanga kwa ukubwa wake, wakazifuta vumbi, wakazipakia katika gari la watu wa Mombasa. Waziri alizipokea mwenyewe. Alimwambia Mwinga kwamba angependa mambo yawe vingine, lakini alikuwa ametoa ahadi mbili, moja kwa Msambweni na moja kwa Malindi, na ahadi ya Malindi ndiyo iliyobaki kutimizwa. Mwinga alimshukuru kwa miezi sita. Waliagana kwa mikono miwili.

Baadhi ya wale wanaume walimkasirikia Mwinga, na walikuwa na haki ya kukasirika, maana walipoteza kitu walichokipenda kwa mkono wa mtu wao wenyewe. Wanne waliacha mazoezi. Jumwa alimkanda mgongo kwa mafuta ya nazi ya moto kwa siku nane, na siku zote hizo hakumuuliza tena nani amekula.

Mwezi wa Desemba, Waziri aliandika barua kumwalika Shutu Mombasa, akainue na chama chake. Barua ilikuja kwa Mwinga, maana ndiye aliyejulikana kuwa anasoma. Aliisoma mara mbili akaipeleka Kikoneni mwenyewe. Shutu alimpokea kwa heshima, akampa kiti, akamwamkia shikamoo kama ilivyompasa. Walizungumza juu ya mvua na mihogo. Mambo ya Kwale hawakuyataja. Mwinga alimsomea barua, akamwonyesha palipoandikwa siku na mahali, akaondoka.

Mwezi wa Februari habari zilifika Msambweni kwamba Shutu ameinua ratili mia sita na kumi mbele ya waamuzi, akishusha mwenyewe kila mara, kimya kama samaki. Rai ndiye aliyezileta. Alizieleza mbele ya ghala, tena akazirudia kwa sauti, akimtazama Mwinga usoni aone litakalotokea. Yalikuwapo mengi ya kuulizwa. Kama aliweza Februari, je, hakuweza Oktoba? Mwinga alisema alhamdulillahi, akauliza kama Shutu ni mzima, akaambiwa ni mzima. Akarudi kazini.

Saba waliobaki waliendelea na ile ekseli kwa muda. Kisha Mwinga alipata saruji kidogo iliyobaki katika jengo moja huko Diani, akaikoroga na kokoto, akaimwaga ndani ya karai, akiacha tundu katikati, na ilipokauka akapata sahani. Aliipima kwenye mizani ya mbata. Alitaka ratili ishirini na tano, akapata ishirini na tatu. Ya pili ilikuwa ishirini na sita. Jumwa alikwenda ghalani kutafuta karai lake, akalikuta limejaa saruji, akasema maneno ambayo mahamali waliyakumbuka muda mrefu. Lakini mpini mrefu wa mvule ulipatikana, ukapigiliwa misumari ya kuzuia kila ncha, na pole pole kila mtu akapata uzito wake, au unaokaribiana nao.

Desturi ya ghala Mwinga hakuibadilisha. Aliongeza moja tu. Kila mgeni aliyekuja kujifunza, kabla hajafundishwa kuinua chochote, alifundishwa wiki nzima kushusha mwenyewe: kutoka juu hadi kifuani, kutoka kifuani hadi mapajani, kutoka mapajani hadi sakafuni. Wengine waliona ni upuuzi kuanza na mwisho, na Mwinga hakubishana nao. Wiki ilipokwisha, aliwaita mbele yake mmoja mmoja akawaambia maneno yaleyale.

"Ulimi hauna mfupa. Ukilisema lile neno, nitakuja, hata kama yupo mwamuzi, hata kama mnakaribia kushinda. Usipolisema, sitakuja. Basi chagua mwenyewe, wala usilichezee."

Nawe uliyekwisha kuisoma habari hii, usiiweke chini hapa ilipokufikia. Mpe mwenzio wa karibu, hasa anayebeba mizigo au anayefundisha wengine kuibeba. Na kama mwenzio huyo hajui kusoma, keti naye umsomee, kidole chini ya kila neno, kisha naye umwombe amweleze mwingine.